SOMO: Safari ya Baiskeli Kupitia Nchi Kavu

Somo la leo linahusu chombo ambacho wengi wetu tunacho nyumbani, tena tumekiegemeza ukutani nyuma ya jiko na kuku wanalala juu yake: baiskeli. Vikundi vingi vinauliza namna ya kutembeleana bila kumaliza pesa za kikundi kwa nauli. Sisi tulijaribu njia moja. Tulifika, lakini nusura tumzike mwenzetu njiani. Nitawaeleza yote pamoja na makosa yangu mwenyewe, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti siku hiyo.

Kikundi chetu kiko upande wa juu wa Embu, pahali pa chai na kahawa, ambapo asubuhi mtu hatoki bila sweta. Tulikuwa tumealikwa na kikundi kimoja cha Mitunguu, Imenti Kusini, tukaone wanavyolima ndizi kwa maji ya mabomba. Mitunguu kwenyewe ni kukavu, lakini tangu miaka ya 1980 kuna mradi wa kumwagilia unaochota maji ya mto Thingithu, na leo ndizi zake zinaenda mpaka Nairobi. Tulipiga hesabu ya nauli ya watu 14, kwenda na kurudi, tukaona ni kama kuuza mbuzi wawili wazima. Mama mweka hazina akafunga daftari. Akasema, "Wazee, mbuzi wa kikundi hawatapanda matatu. Kila mtu hapa ana baiskeli ama jirani yake anayo." Tukacheka, lakini neno likashika.

Barabara ni mbili

Kutoka Embu kwenda upande wa Meru kuna barabara ya juu na ya chini. Ya juu inapita Runyenjes, Chuka na Nkubu. Ina baridi nzuri, ina miti, ina maduka kila baada ya kilomita chache. Lakini inavuka mito mingi inayotoka Mlima Kenya, na kila mto una bonde lake na kona zake, malori yakikufuata kwa nyuma. Mnakumbuka lile basi lililotumbukia kwenye daraja la Nithi mwezi wa Julai 2022, watu zaidi ya 30 wakafa. Si ajali ya kwanza hapo. Baiskeli 14 zenye breki za vyuma katikati ya magari kama hayo? Tulikataa, na hata leo nasema tulifanya vizuri.

Ya chini inaachana na ile ya juu pale Ena. Inashuka kupitia Kanyuambora hadi Ishiara, inavuka mto Thuci ambao ndio mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi, inafika Kathwana, inaendelea Chiakariga, halafu Mitunguu. Ukianzia mjini Embu ni karibu kilomita 100. Magari ni machache. Lakini hiyo ndiyo nchi ya jua: migunga, mbuyu mmoja mmoja, mawe mekundu, mizinga ya nyuki juu ya miti, mashamba ya ndengu na mtama. Mkono wako wa kulia unaona vilima vya Mbeere, na kilima cha Kiang'ombe kinachofika mita 1804. Wenyeji wamezoea. Sisi wa kutoka kwenye chai hatujazoea, na hapo ndipo somo letu linapoanza.

Joto la chini si joto la juu

Hesabu hii iwekeni kichwani, maana ni rahisi. Kila ukishuka mita 100, joto linaongezeka zaidi kidogo ya nusu digrii. Mji wa Embu uko kama mita 1350 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya chai yako juu zaidi. Barabara ya chini inashuka chini ya mita 1000. Kwa hiyo aliyetoka kwenye chai, akiisha kushuka mita 800 hivi, amejiongezea digrii tano hata kabla jua halijapanda. Mwezi wa Februari, kabla ya mvua ya Machi, nchi ile mchana inaweza kufika digrii 35. Mwili wa mtu una 37. Hewa ikikaribia kuwa moto kama mwili, mwili hauna tena pahali pa kutupa joto lake isipokuwa kwa njia moja tu, jasho.

Tena mtu anayeendesha baiskeli ni kama jiko. Chakula ulichokula kinageuka nguvu, lakini katika mafungu matano ya nguvu hiyo ni fungu moja hivi tu linalosukuma pedali. Manne yanakuwa joto ndani ya mwili. Jasho likikauka kwenye ngozi linabeba joto hilo. Likidondoka chini bila kukauka halijasaidia kitu, ni maji yaliyopotea bure. Ndiyo maana shati jepesi la pamba, lenye mikono mirefu, lina faida kuliko kifua wazi: linakinga jua na linashika jasho likaukie pale pale. Vijana wetu wawili walivua mashati Kanyuambora wakajiona mashujaa. Jioni walikuwa hawawezi kulalia mgongo.

Mwili hujifunza joto. Mtu wa baridi akifanya kazi kidogo kidogo penye joto kila siku kwa juma moja au mawili, anaanza kutoa jasho mapema na kwa wingi, na jasho lake linakuwa na chumvi kidogo. Sisi hatukuwa na juma wala siku moja ya kujizoeza. Tulishuka tu, kama mtu anayetumbukia mtoni bila kujua kina.

Makosa yalianza asubuhi

Tulikubaliana kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Tuliondoka saa mbili na robo. Kwa nini? Mmoja alikuwa anakamua ng'ombe. Mwingine tairi lilikuwa bapa. Halafu chai, halafu mandazi, halafu mimi mwenyekiti nikatoa hotuba, tena ndefu. Halafu picha. Ninawaambia wazi kwamba yale masaa matatu ndiyo yaliyotaka kumuua yule kijana, si mlima wala jua. Kama tungetoka kwa wakati tungekuwa tumevuka Thuci saa tatu, jua likiwa bado na huruma. Badala yake tulifika Ishiara saa tano kasoro, tukaingia kwenye sehemu mbaya kabisa ya safari saa sita hadi saa nane.

Baiskeli zetu nyingi ni Black Mamba, zile nzito za fremu ya chuma, gia moja tu, breki za fito. Ukiweka mzigo kwenye keria ni kama kusukuma mlango wa zizi. Lakini usizidharau. Zinabeba gunia, zinatengenezwa na fundi yeyote wa kijijini kwa spana mbili, na fremu yake ikipasuka inachomelewa popote palipo na welda. Tulikuwa pia na mbili mpya za gia nyingi. Hizo ndizo zilizoharibika kwanza. Moja ilivunjika kile kikono cha gia cha nyuma, na fundi wa Ishiara akaikata cheni ikawa ya gia moja kama zile nyingine. Mzee mmoja wetu alifurahi mno, hakuacha kulitaja jambo hilo mpaka Mitunguu.

Kushuka kutoka Ena ni kutamu, na ni hatari. Breki za fito zinabana rimu kwa raba, na ukizishika bila kuachilia kwenye mteremko mrefu raba zinapata moto na kuisha. Bana, achilia, bana, achilia. Anayebeba mzigo ashuke na kusukuma pale penye kona. Achaneni nafasi ya baiskeli tano kati ya mtu na mwenzake. Kwenye tambarare watu husema ukimfuata mwenzako kwa karibu unapata nafuu ya upepo. Ni kweli kwa wale wanaoshindana kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kwa mwendo wetu wa kilomita 12 nafuu hiyo ni ndogo sana, haistahili kuvunjiana magurudumu.

Na miiba! Mwiba wa mgunga unapita tairi kama sindano. Ukitoka barabarani kupumzika chini ya mti, ibebe baiskeli, usiisukume. Tulitoboka mara tisa. Tulikuwa na solusheni chupa mbili, na kwa jua lile gundi iliwekwa haraka haraka na pachi zikaachia. Pachi inataka kivuli, ngozi ya tyubu ikwaruzwe ikauke, gundi ipakwe iachwe dakika chache mpaka isishike kidole, ndipo pachi ibandikwe. Tyubu zilipotuishia, yule mzee alijaza nyasi kavu ndani ya tairi, akazikandamiza sana, akaendesha hivyo mpaka kwa fundi. Inaruka kama punda, lakini inaenda.

Hatari iko kwenye mpando

Jambo hili sikulijua, na nadhani wengi hamlijui. Tunadhani mtu anachoka na joto pale penye jua kali zaidi. Sivyo hivyo tu. Ukienda kwenye tambarare, mwendo wako wenyewe unakuletea upepo, na upepo unakausha jasho. Ukianza kupanda mlima, mwendo unapungua mpaka kuwa kama wa kutembea, upepo unakufa, na huku miguu inafanya kazi mara mbili. Joto linazidi ndani na njia ya kulitoa inafungwa kwa pamoja. Barabara ya chini, kwa kuwa inakatiza mito inayoteremka kwenda Tana, ni kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Kila unapovuka daraja unajua nini kinakungoja upande wa pili. Na kule chini bondeni hewa imetulia kama ndani ya chungu.

Kijana wetu mmoja, mwenye nguvu kuliko sisi wote, alikuwa na moja ya zile baiskeli mpya. Tangu Ishiara alikuwa mbele, haonekani. Hakuwa na chupa ya maji, alisema atakunywa soda Chiakariga. Shavuni alikuwa na muguka. Wengi huko Mbeere wanalima muguka na ndio unaosomesha watoto, kwa hiyo sitaki kugombana na mkulima. Ninasema tu kinachofanyika mwilini. Muguka na miraa vinadanganya uchovu. Moyo unapiga haraka, mishipa ya damu inabana, njaa inajificha. Mwili unalia kwamba umefika mwisho, na wewe husikii.

Habari kama hiyo ni ya zamani. Mwaka 1967 Mwingereza aliyeitwa Tom Simpson, aliyekuwa bingwa wa dunia wa baiskeli mwaka 1965, alikuwa anapanda mlima Mont Ventoux huko Ufaransa katika mashindano ya Tour de France. Mlima ule juu ni mawe matupu, hauna mti, na siku ile ya Julai 13 jua lilikuwa kali mno. Alikuwa amemeza vidonge vya kuamsha nguvu na amekunywa pombe. Siku zile sheria za mashindano zilibana maji, na waendeshaji wengi waliamini kunywa sana ni udhaifu. Alianguka, akasaidiwa kupanda tena, akaanguka mara ya pili, akafa. Alikuwa na miaka 29. Sikuijua habari hiyo siku ya safari yetu. Ningeijua ningemnyang'anya yule kijana ule mfuko wa muguka.

Maji ya mama mmoja

Tulimkuta kwenye mpando baada ya kuvuka mto Mutonga. Baiskeli ilikuwa imelala katikati ya barabara, naye ameketi juani, hatua tatu tu kutoka kwenye kivuli. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, mtu mzima kuketi juani wakati kivuli kiko hapo. Nilimuuliza, "Kijana yangu, vipi?" Akaniambia anangoja ng'ombe wavuke. Hapakuwa na ng'ombe. Nilimshika shingo nikaona anawaka. Tena alikuwa bado anatoka jasho, na mmoja wetu akasema, "Ako sawa, si bado anatoa jasho?" Hapana! Mtu wa kazi nzito anaweza kuzidiwa na joto huku jasho likitiririka. Alama ya hatari ni akili: akijibu mambo yasiyokuwepo, akiyumba kama mlevi, akiwa mkali bila sababu, akitapika, akianguka. Hapo hakuna kungoja. Ndani yake joto limeshapita digrii 40, na ubongo, ini na figo vinaanza kuharibika.

Maji yetu yalikuwa yamebaki chupa mbili kwa watu 14. Wakati huo huo mama mmoja alikuwa anapandisha na punda wake, amebeba mitungi minne ya lita 20. Alituangalia mara moja tu. Hakuuliza sisi ni akina nani. Alifungua mtungi wa kwanza akaumwaga juu ya kijana kuanzia kichwani. Akasema, "Mvueni shati. Pepeeni. Mnaangalia nini?" Tulimburuta kivulini tukapepea kwa kofia na kwa kava la kiti. Mtungi wa pili ukaisha. Kitambaa kilicholowa tukaweka shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Mmoja wetu alitaka kumnywesha, mama akamzuia mkono. Baadaye mhudumu wa zahanati alituambia mama alifanya sawasawa: asiyejitambua asipewe cha kunywa, kitaingia kwenye mapafu. Na panadol haisaidii joto la namna hii, kwa kuwa si homa ya ugonjwa. Poza kwanza, hapo hapo ulipo, kwa maji yoyote yaliyopo hata kama ni machafu, kisha ndipo utafute gari. Kumpakia mtu anayewaka kwenye gari la moto na kuanza safari ya saa nzima ni kumuua polepole.

Baada ya kama dakika 20 akafungua macho vizuri, akauliza baiskeli yake iko wapi. Mweka hazina alilia. Pikapu iliyokuwa inaenda kuchukua ndizi ikambeba mpaka zahanati, akalazwa usiku ule, akapona.

Ninarudi kwa yule mama. Lita 40 za maji zilikuwa zimeishia juu ya kijana wa watu asiowajua, na alikuwa ametoka nazo mtoni, na nyumbani kwake alisema kuna watoto na mbuzi. Niliingiza mkono mfukoni nikamtolea pesa. Alikasirika kweli kweli. "Mzee, wewe unauziwa maji ya mgonjwa?" Nikaona aibu. Halafu akaonyesha mitungi miwili mitupu, akasema, "Lakini mtungi mtupu siwezi kurudi nao nyumbani." Vijana wawili wakafunga mitungi kwenye keria, wakashuka mpaka Mutonga, wakachota, wakapanda tena wakisukuma. Ilichukua karibu saa moja na nusu. Hakuna aliyelalamika. Wakati wakingoja, mama alitupa uji wa mtama uliokuwa kwenye kibuyu, mchachu, tukanywa kidogo kidogo wote. Sijawahi kunywa kitu kama kile.

Maji, chumvi na mizani ya chai

Sasa mambo ya kupanga, maana baada ya pale tulikaa chini tukajifunza. Mwendeshaji penye joto anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, wengine zaidi. Anywe glasi mbili hadi tatu kwa saa, kidogo kidogo, si kungoja kiu ikamshika halafu agugumie lita nzima. Kwa safari ya masaa tisa hiyo ni kama lita sita kwa kila mtu. Hamwezi kubeba zote, kwa hiyo jueni mapema mtajaza wapi. Sisi hatukuuliza. Maji ya mtoni yachemshwe ama yatiwe dawa. Njia nyingine ni kuyaweka kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, yakiwa masafi bila tope, na kuianika kwenye jua kali kwa masaa sita, ila hiyo mfanye siku moja kabla.

Maji matupu peke yake hayatoshi kwa siku nzima. Jasho lina chumvi, na mtu akinywa maji mengi mno bila chumvi damu yake inakuwa nyepesi, anaumwa kichwa, anatapika, anaweza hata kuzimia. Watu wanamwona hivyo wanamwongezea maji, kumbe wanazidisha. Kwa hiyo mtu asinywe kupita jasho lake. Dawa mnaijua tayari, ni ile tunayowapa watoto wanaohara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nusu, jameni, si kijiko kizima. Chakula cha njiani kiwe cha kawaida: ndizi, viazi vitamu, chapati, njugu za kukaanga zenye chumvi, uji. Soda moja ya baridi haina dhambi, lakini si mpango wa safari.

Njia nzuri ya kujua jasho lako ni mizani. Kule kwetu tuna mizani kwenye kituo cha kununulia chai. Tulimwomba karani, tukajipima asubuhi na nguo nyepesi, tukaendesha masaa mawili, tukarudi tukajipima tena. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji iliyotoka bila kurudishwa. Mtu wa kilo 70 akipungua kilo moja na nusu, nguvu zake zimeanza kushuka hata kama hajisikii. Mweka hazina alipungua nusu kilo tu. Mimi nilipungua karibu mbili. Sasa kila mtu anajua chupa zake ni ngapi, na hakuna tena ule ubishi wa nani mwanaume.

Mwendo wa nani?

Katika dunia wako watu wanaoendesha nchi kavu kuliko hii. Mwaka 2003 ilianza safari ya kikundi kutoka Cairo, Misri, hadi Cape Town, inayoitwa Tour d'Afrique, na imepita hapa kwetu Kenya kuanzia Moyale, Marsabit mpaka Isiolo, halafu kupanda kuelekea Nanyuki. Miaka ya kwanza, kabla ya lami ya Isiolo hadi Moyale kukamilika katika miaka ya 2010, walikuwa wanapigwa na mawe ya jangwa la Dida Galgalu mpaka baiskeli zinalegea spoku. Wao wana gari linalobeba maji na mahema. Sisi hatuna gari. Gari letu ni mtu wa mwisho.

Ndiyo, mtu wa mwisho. Hilo ndilo tulilobadilisha zaidi. Siku ile hatukuwa na mtu wa mwisho wala wa kwanza, kila mmoja alikwenda na miguu yake. Sasa anayetangulia ni yule mwenye mwendo wa pole, na haruhusiwi kupitwa. Wa mwisho anabeba pampu, spana, pachi, tyubu mbili na mtungi wa lita tano usioguswa isipokuwa kwa hatari. Kila daraja tunasimama tunahesabiana kwa majina, si kwa macho. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, taa zikiwaka mbele na nyuma, na asiyekuwepo anaachwa bila hotuba. Saa tano tunaingia kivulini, tunakula, tunalala. Saa tisa na nusu tunaendelea. Kama ni mpando mkali, wote wanashuka na kusukuma, hata mwenye gia. Safari ya Mitunguu kwa mpango huu haiishi kwa siku moja, kwa hiyo mara ya pili tulilala Kathwana, kwenye darasa tuliloombewa na wenyeji. Wengine walinung'unika kwamba ni gharama. Gharama yake ilikuwa sukari kilo mbili na majani ya chai.

Yule kijana alipona, lakini alikatazwa kazi nzito ya juani kwa majuma kadhaa, maana aliyepigwa na joto namna ile mwili wake unakaa dhaifu kwa muda. Alikuwa mkali kidogo, akaona tunamfanya mtoto. Mara ya pili yeye mwenyewe aliomba kuwa mtu wa mwisho. Aliuficha muguka, ama aliuacha, sikuuliza. Tulipofika ule mpando wa Mutonga alisimama akauliza kwa wachunga mbuzi habari za mama mwenye punda. Wakamwonyesha njia ya miguu. Tulimngoja chini ya mgunga. Alikuwa amebeba kutoka nyumbani mtungi mpya wa lita 20, wa rangi ya manjano, umefungwa kwenye keria tangu Embu, na sote tulikuwa tumedhani ni wa maji yetu.

Maswali ya kuzungumza kikundini

Kutoka kwenu mpaka kikundi kingine mnachotaka kukitembelea, maji masafi yako wapi, na nani atakwenda kuuliza kabla ya siku ya safari?

Katika kikundi chenu nani ana mwendo wa pole kuliko wote? Je, atakubali kutangulia, na wenye nguvu watakubali kumfuata?

Mwenyekiti akichelewesha safari kama nilivyofanya mimi, nani ana ruhusa ya kusema, "Leo hatuendi"?

Kama mngekuwa mmetumia maji ya mama yule, mngefanya nini alipokataa pesa?